Ganzi ya mkono mmoja: kisa cha mgonjwa wa kisukari aliyekuwa na ugonjwa wa pili

Usuli

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa korosho na muhogo katika mkoa mmoja wa kusini mwa Tanzania. Jina, kijiji na baadhi ya mambo ya familia yameondolewa au kubadilishwa ili asitambulike. Humu ataitwa Mzee. Alikuwa na kisukari cha aina ya pili kwa miaka minne, akimeza metformini, dawa ya kushusha sukari, na kuhudhuria kliniki ya kisukari ya kituo cha afya kila mwezi. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa ikicheza kati ya 8 na 10 mmol/L. Si nzuri, lakini si ya kutisha.

Hilo la mahudhurio nalitaja mapema kwa makusudi. Visa vya neva (mishipa ya fahamu) kuharibika mara nyingi husimuliwa kwa kumlaumu mgonjwa: alianzia kwa mganga wa kienyeji, alikaa nyumbani mpaka hali ikawa mbaya. Mzee hakukaa nyumbani. Ganzi yake iliandikwa kwenye kadi ya kliniki mwezi baada ya mwezi, na ilikuwa ikizidi mbele ya macho ya watu waliosomea kazi.

Mambo yalivyofuatana

Ilianza kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto na nusu ya kidole cha pete. Haikuwa na maumivu, ila kidole kilionekana kama si chake. Kliniki ilimweleza kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, jambo ambalo ni kweli, akapewa vidonge vya vitamini B. Kwenye kadi, mahali pa dalili, pakaandikwa: "Ganzi: ndiyo."

Mwezi wa nne vidonge vikageuka sindano. Zilipokwisha za kituo, aliendelea kuzinunua duka la dawa kwa ushauri wa muuzaji. Kufikia mwezi wa sita alikuwa anashindwa kufunga vifungo vya shati, na nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imebonyea. Mwezi wa saba aliipua sufuria ya chai jikoni akaunguza kiganja upande wa kidole cha mwisho. Alijua ameungua alipoona lengelenge. Kituo kikasafisha kidonda, kikapima sukari, kikamwambia apunguze ugali. Kadi: "Ganzi: ndiyo."

Mwezi wa tisa yakaja maumivu ya usiku nyuma ya kiwiko, yakishuka kwa mshtuko hadi kidole cha mwisho. Akaandikiwa amitriptilini, dawa ya kutuliza maumivu ya neva, miligramu 25 za kulalia, na kweli usingizi ukapatikana. Siku zizo hizo mabaka aliyokuwa nayo mgongoni yalianza kuwa mekundu na kuvimba. Mke wake alijua kuwa mabaka yapo. Alidhani ni choa na alikuwa akiyapaka dawa ya fangasi tangu mwaka uliotangulia. Kwenye kliniki ya kisukari hakuna aliyeuliza habari za mgongo, naye Mzee hakuona sababu ya kuuleza.

Kilichompeleka hospitali ya wilaya ni ndala. Ya mguu wa kulia ilikuwa inamvuka mguuni njiani, naye anaendelea kutembea bila kujua mpaka mtu amwambie. Baada ya siku chache akaanza kuinua goti juu kila hatua ili vidole visiburuze chini. Kituo kiliandika rufaa: mgonjwa wa kisukari, udhaifu wa mkono na mguu, kiharusi?

Uchunguzi hospitalini

Swali la kiharusi lilijibiwa mlangoni. Mkono dhaifu ulikuwa wa kushoto na mguu dhaifu ulikuwa wa kulia. Kiharusi cha kawaida hushika mkono na mguu wa upande mmoja. Udhaifu huu ulikuwa na umbo la neva mbili tofauti: ya ulna, inayopita nyuma ya kiwiko, na ya peronea, inayozunguka shingo ya mfupa wa nje wa mguu chini kidogo ya goti.

Aliyempima hakuwa na mashine ya kupima mwendo wa umeme kwenye neva, na katika ngazi ya wilaya si rahisi kuipata. Alikuwa na kalamu ya wino. Alimwonyesha Mzee kwanza macho yakiwa wazi: nikigusa hapa, weka kidole chako papo hapo. Kisha akamwambia afumbe macho, akagusa kwa ncha ya kalamu kwa uzito wa kubonyeza ngozi kidogo tu, pointi kwa pointi, kiganja kwa kiganja, unyayo kwa unyayo. Kila pointi aliyoikosa iliwekewa alama ya msalaba kwenye mchoro wa mkono na mguu. Misalaba ya mkono wa kushoto ilijipanga yote upande wa kidole cha mwisho, ikakomea katikati ya kidole cha pete kana kwamba kuna mpaka umechorwa. Upande wa kidole gumba ulikuwa mzima. Nyayo zote mbili zilihisi karibu kila mahali. Ganzi ya mguu wa kulia ilikuwa juu ya wayo, si chini.

Halafu nguvu. Aliambiwa abane karatasi kati ya vidole vya mkono wa kushoto, ikatoka bila kuvutwa. Kuinua wayo wa kulia alijaribu, lakini hakuweza kuubeba dhidi ya uzito wake wenyewe.

Kisha vidole vya mpimaji vikapita nyuma ya kiwiko, kushoto na kulia kwa zamu. Kulia neva ilikuwa laini na nyembamba. Kushoto ilikuwa nene kama penseli, na ilipobanwa kidogo Mzee alivuta mkono. Chini ya goti la kulia ilikuwa hivyo hivyo. Hapo ndipo alipoambiwa avue shati. Mgongoni na kwenye matako kulikuwa na mabaka saba, kingo zimeinuka na kuwa nyekundu, katikati pakavu, vinyweleo vimepotea. Pamba haikuhisiwa.

Nyundo ya goti ilionyesha kwamba mrejesho wa kifundo cha mguu (wayo kuruka wenyewe kano ya kisigino ikigongwa) upo pande zote mbili, na mtetemo wa uma wa chuma kwenye kidole gumba cha mguu ulihisiwa vizuri. Macho yalifumba kikamilifu. VVU hakuna, dalili za kifua kikuu hakuna. Sampuli ya ngozi ilitumwa maabara na ikarudi haina bakteria.

Utambuzi ulikuwa ukoma wa kundi linaloitwa la bakteria wengi, kwa kuwa mabaka yalizidi matano, hata kama sampuli haikuonyesha bakteria, pamoja na mmenyuko wa aina ya kwanza ulioshika neva mbili.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuanza prednisoloni, steroidi inayotuliza uvimbe, siku hiyo hiyo bila kusubiri maabara. Katika mmenyuko wa aina ya kwanza kinga ya mwili huwashambulia bakteria waliojificha ndani ya neva, neva inavimba, na kwa kuwa imefungwa ndani ya ala isiyotanuka, inajibana yenyewe. Nyuzi zilizobanwa kwa wiki chache zinaweza kurudi. Zikishapita takriban miezi sita tangu ziache kufanya kazi, matumaini yanapungua sana. Mguu wa Mzee ulikuwa na wiki tatu tu, na majibu ya sampuli yangechukua siku. Tena sampuli isiyo na bakteria haikatai ukoma wa aina hii, maana wenye mabaka ya kingo kali na neva nene mara nyingi huwa na bakteria wachache mno kwenye ngozi. Kwa hiyo majibu, yawe yoyote, yasingebadilisha uamuzi.

Kipimo cha dawa kilileta ubishi, na ulikuwa ubishi wa haki. Daktari wa kisukari alitaka kuanza na miligramu 20 kwa kuhofia sukari. Mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya alitaka 40, kipimo cha kawaida cha kuanzia. Walikubaliana 40 kwa sharti kwamba Mzee alazwe siku kumi, kisha dawa ipunguzwe polepole kwa wiki 20. Kuhusu muda, kuna utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa za Asia uliolinganisha wiki 20 na wiki 32 na haukukuta faida ya kuongeza. Kwa mwenye kisukari hiyo ni sababu nzuri ya kutovuka 20. Kabla ya dozi ya kwanza alipewa dawa ya minyoo, kwa sababu kuna minyoo inayosambaa mwilini kinga ikishushwa na steroidi.

Dawa mseto ya ukoma, yaani rifampisini, dapsoni na klofazimini, ilianzishwa sambamba kwa miezi 12. Wapo wanaosita kuianza mmenyuko ukiwa mkali. Hakuna haja: dawa mseto inaua bakteria, prednisoloni inatuliza uvimbe, na moja haifanyi kazi ya nyingine. Ni ya bure kwa wagonjwa duniani kote tangu 1995, na hilo lilimpunguzia Mzee mashaka kuliko maelezo mengine yote. Aliambiwa mapema kwamba mkojo utakuwa mwekundu siku ya dozi ya mwezi na kwamba ngozi itakolea rangi. Mtu asiyeambiwa hayo huacha dawa wiki ya kwanza.

Mkono na mguu havikuachwa visubiri dawa. Mtaalamu wa fiziotherapia alimtengenezea kigango cha kuvaa usiku, vidole vikae vimenyooka, na mkanda wa mpira unaovuta ncha ya kiatu kuelekea chini ya goti ili wayo usianguke. Mke alifundishwa kazi ya jioni: kuloweka mkono na miguu kwenye maji ya kawaida dakika ishirini, kusugua gaga kwa upole, kupaka mafuta ya nazi ngozi ikiwa bado na unyevu, kisha kukagua kila upande wa kidole kwa macho. Jembe na panga vilizungushiwa kitambaa kwenye mpini. Sufuria Mzee alikatazwa, akasema tangu lini mwanamume akakatazwa jikoni na akafurahi.

Kutaja jina la ugonjwa kulihitaji faragha. Mzee aliomba shemeji yake atoke kwanza. Aliambiwa neno lenyewe, ukoma, bila kuzungushwa, na akaambiwa pia kwamba mtu akishaanza dawa mseto haambukizi tena na hana sababu ya kutengewa chumba wala sahani. Mke aliuliza swali moja: "Wajukuu je?" Watu wa nyumbani walichunguzwa wiki iliyofuata. Mjukuu mmoja alikuwa na baka moja lisilohisi kwenye paja, akaanzishiwa dawa mseto ya miezi sita. Waliobaki, baada ya kuhakikishwa hawana ukoma wala kifua kikuu, walipewa dozi moja ya rifampisini ya kinga, utaratibu uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018.

Tatizo la sukari wodini

Siku nne za kwanza sukari ilipimwa saa kumi na mbili asubuhi, ikawa 9 na pointi kadhaa, na wodi nzima ikaona mambo ni shwari. Siku ya tano muuguzi wa zamu ya mchana aliona Mzee anamaliza chupa ya pili ya maji na kwenda chooni kila saa. Akampima saa kumi jioni bila kuagizwa na mtu: 21.3.

Prednisoloni inayomezwa asubuhi hupandisha sukari kuanzia mchana hadi jioni, na usiku nguvu yake hupungua. Anayepima alfajiri tu anapima saa ambayo tatizo limeshalala. Kuanzia hapo vipimo vilihamia kabla ya chakula cha mchana na jioni, na Mzee akachomwa insulini ya muda wa kati mara moja asubuhi, uniti 10, zikapanda hadi 18, kisha zikashuka kadiri prednisoloni ilivyoshushwa. Metformini iliendelea.

Kuna mtego mwingine ambao haukumnasa kwa sababu mfamasia aliukumbusha. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu hutegemea chembe nyekundu za damu kuishi umri wake wa kawaida. Dapsoni hufupisha umri huo, basi kipimo kinatoka chini kuliko hali halisi. Kwa mwaka mzima wa dawa mseto alifuatiliwa kwa vipimo vya kidole, pamoja na wingi wa damu.

Matokeo

Mguu ulianza kuinuka wiki ya sita. Kufikia wiki ya ishirini aliweza kusimama kwa visigino na kutembea bila mkanda. Maumivu ya kiwiko yaliisha ndani ya wiki mbili, na amitriptilini ikasimamishwa baadaye.

Mkono ulirudi nusu nusu. Ubanaji wa karatasi ulitoka kwenye kupooza ukafika kwenye udhaifu, vifungo vya shati vikafungika kwa shida, lakini kidole cha mwisho na cha pete vilibaki vimejikunja kidogo na hisia ya ukingo wa kiganja haikurudi. Ganzi hiyo ilikuwa imeshatimiza takriban miezi kumi dawa zilipoanza. Kidonda cha moto kilipona. Insulini iliachwa wiki mbili baada ya prednisoloni kwisha.

Uchambuzi

Mtu mmoja, dawa moja, siku moja ya kuanza, neva mbili, na matokeo mawili. Sioni mfano ulio wazi kuliko huu wa kwamba kinachoamua ni umri wa uharibifu. Ulna ilikuwa imekaa na uharibifu muda mrefu zaidi ya peronea, ikalipa gharama.

Kwa nini kisukari kilikubaliwa haraka hivyo? Kwa sababu kilikuwepo kweli. Ingekuwa rahisi kusema wahudumu walikosea utambuzi, lakini utambuzi wa kisukari ulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kuuliza kama ganzi hii ina tabia za kisukari. Kisukari huanza kwa nyuzi ndefu kuliko zote, yaani vidole vya miguu, pande zote mbili kwa pamoja, na hupanda taratibu. Mikono kwa kawaida hufikiwa ganzi ikiwa imeshakaribia magoti. Mtetemo na mrejesho wa kifundo cha mguu hupotea mapema. Ukoma haufuati urefu. Bakteria wake hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi kidogo, hivyo hukaa kwenye neva zilizo karibu na ngozi: kiwiko, kifundo cha mkono, pembeni mwa goti, kifundo cha mguu, uso. Ndiyo maana hushika neva hii na kuruka ile, mkono huu na kuacha ule, na mrejesho wa kano mara nyingi hubaki. Mzee alikuwa na kidole kimoja na nusu cha mkono mmoja, nyayo zikiwa zinahisi. Kisukari kinaweza kubana neva moja moja pia, hilo halikatazwi, lakini hakinenepeshi neva ikashikika hivyo wala hakiweki mabaka yasiyohisi mgongoni.

Sasa kadi. "Ganzi: ndiyo" iliandikwa kila ziara, na kila ziara ilikuwa kweli. Haikusema mkono upi, kidole kipi, tangu lini. Ganzi ya mwezi wa kwanza na ganzi ya mwezi wa tisa, nyama ikiwa imeshabonyea, zikawa kitu kimoja kwenye karatasi. Kama mtu mmoja angechora mkono na kutia misalaba mwezi wa kwanza, mwezi wa nne mtu mwingine angeona misalaba imeongezeka, hata kama hajui ukoma ni nini. Kazi hiyo ni ya dakika tano na kalamu ileile inayoandikia kadi.

Vitamini zinastahili lawama yake. Metformini ikitumiwa miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, na upungufu huo huleta ganzi, kwa hiyo kufikiria B12 halikuwa wazo baya. Lakini mchanganyiko wa vitamini B unaouzwa madukani huwa pia na B6, na B6 kwa kipimo kikubwa kwa miezi mingi yenyewe huharibu neva za hisia. Kumchoma mtu miezi mitano bila kupima kama ganzi inapungua si tiba. Amitriptilini nayo ilifanya kazi yake vizuri mno: ilizima maumivu ya kiwiko ambayo yalikuwa taarifa ya mmenyuko. Haikuwa kosa kumtuliza mgonjwa. Kosa lilikuwa kutokishika kiwiko chenyewe kabla ya kuandika dawa.

Tanzania ilitangaza kufikia lengo la kutokomeza ukoma kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2006, kwa maana ya chini ya mgonjwa mmoja katika watu 10,000. Hayo ni mafanikio makubwa, na yana gharama yake: kizazi cha matabibu waliohitimu baada ya hapo wameukuta ukoma kwenye vitabu kuliko wodini. Ugonjwa unaochukua kwa wastani miaka mitano kujitokeza, na wakati mwingine ishirini, hauishi kwa tangazo. Huyu mjukuu mwenye baka kwenye paja asingefikiwa kama ndala ya babu yake isingevuka.

Kilichofanya kazi upande wa hospitali ni mpangilio: neva kwanza, jina la ugonjwa baadaye kidogo, sukari ikifuatiliwa badala ya kutumiwa kama sababu ya kuogopa. Kipimo cha 40 katika mwenye kisukari kilikuwa na gharama, ile 21.3, na ilidhibitiwa kwa sababu alikuwa amelazwa. Angerudishwa nyumbani siku ya kwanza na pakiti ya vidonge mkononi, hadithi ya mguu ingeweza kuwa nzuri na ya figo au ya ufahamu ikawa mbaya. Kwa wilaya isiyo na kitanda wala insulini ya kutosha, nadhani hoja ya daktari wa kisukari ya kuanza chini ingekuwa na uzito zaidi kuliko ilivyopewa hapa.

Swali lililobaki ni mkono. Upasuaji wa kuhamisha kano ili vidole vinyooke unawezekana pale neva ikiwa imetulia bila mmenyuko kwa miezi sita au zaidi, na Mzee amefikia hapo. Ameshaonwa na mpasuaji na kuelezwa kwamba hisia haitarudi hata akipasuliwa, umbo na mshiko tu. Amesema atarudi korosho zikishauzwa. Mmenyuko unaweza kuibuka tena hata miaka miwili au mitatu baada ya kumaliza dawa, hivyo kila miezi mitatu anapimwa kwa kalamu na mchoro uleule, na ameelekezwa kwamba maumivu mapya ya neva au udhaifu mpya ni jambo la kufika ndani ya siku chache, asisubiri tarehe ya kliniki.